Plasta, kuvutwa, msumari au mzee wa mifupa: mguu wa boda ukivunjika, uchague ipi?

Jumatatu ndiyo siku ya miguu. Waliogongwa Ijumaa jioni au Jumamosi usiku, wakapitia zahanati ya mtaani, kisha kwa shangazi, kisha kwa mzee fulani wa kijijini anayeunga mifupa, hufika kwetu Jumatatu asubuhi wamelazwa nyuma ya Probox, mguu umefungwa kwa leso na vipande vya katoni. Kazi yangu ni chumba cha plasta, hapa Kisumu, na nimekaa humo miaka ya kutosha kujua kwamba daktari akija kusema neno lake, familia iliyo kwenye korido huwa imeshagawanyika. Mama anataka mwanawe arudishwe nyumbani akakandwe. Mjomba anauliza bei ya chuma. Wenzake wa steji wamechanga, wameshika kofia mikononi, na wanataka kujua jambo moja tu: atarudi lini barabarani?

Swali la watu wa steji ndilo zuri kuliko yote, kwa hiyo nitazilinganisha njia hizi nne kwa kipimo chao, yaani siku. Bili huandikwa kwa shilingi, lakini mwendesha boda huilipa kwa siku. Pikipiki ya mkopo haisubiri mguu upone. Na kama ni ya tajiri, hesabu ya jioni itapelekwa na kijana mwingine, na huyo akishazoea kile kiti hatoki kirahisi.

Mambo mawili yasiyo na uchaguzi

Mguu wa boda huvunjika kwa namna yake. Gari likikata kona bila kuangalia, iwe ni Kondele au makutano ya Mamboleo, bampa hukutana kwanza na goti na ugoko, maana ndivyo vilivyochomoza kando ya injini. Mguu unabanwa chuma kwa chuma. Na ugoko kwa mbele hauna nyama; ngozi imelala juu ya mfupa tu, hivyo mfupa ukikatika hutoboa nje bila shida. Usitegemee kuona mfupa mweupe umetokeza. Tundu likiwa dogo kama punje ya mahindi, linavuja damu yenye vitone vya mafuta vinavyong'aa juu yake, hesabu kwamba mfupa ulitoka ukarudi.

Hapo ulinganisho umekwisha. Huyo ni wa hospitali, na ni wa leo. Dawa ya kuua bakteria inatakiwa kuingia mshipani mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na sindano ya pepopunda, kisha kidonda kioshwe thieta, yaani chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelala. Kukimwagia spiriti uani ni kumtesa bure; matope ya barabarani yaliyosukumwa ndani ya mfupa hayatoki kwa spiriti.

Jambo la pili ni vidole. Vishike. Vikiwa baridi, vikiwa na ganzi, au kijana akipiga kelele pale unaponyoosha tu kidole gumba chake, misuli ya ndani imevimba mpaka damu haipiti. Una saa kama 6 kabla nyama haijaanza kufa. Na hili, niseme ukweli, halichagui mahali: hutokea ndani ya fito za mzee wa kijijini na hutokea ndani ya plasta ya hospitali. Nimewahi kuitwa saa nane za usiku kupasua plasta iliyofungwa na mtu mwenye cheti kama changu. Ukiambiwa "vumilia, ni maumivu ya kawaida" na dawa hazimtulizi kabisa, usivumilie. Ita mtu mwingine.

Pesa nazo zisikusimamishe getini. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Yaseme kwa adabu, ila usitoke pale mlangoni.

Ugoko: plasta au msumari?

Mfupa ukiwa umepasuka lakini vipande bado vinatazamana vizuri, ngozi iko salama, plasta inatosha. Haina kisu, haina mishono, haimwingizi mtu viini vya thieta, na hata hospitali ndogo ya wilaya inaweza kuifunga. Bendeji inalowekwa, inazungushwa, na ikianza kushika inapata joto ambalo huwashtua wengi. "Daktari, inaniunguza!" Haiunguzi, inashika. Mimi si daktari pia, lakini nimeacha kubishana.

Tatizo la plasta linaanza baada ya kutoka mlangoni. Kwa ugoko inashika kutoka pajani hadi kwenye vidole, goti likiwa ndani, kwa wiki kama 4 hadi 6, kisha picha ikiruhusu inakatwa ikawa fupi chini ya goti. Mfupa wenyewe huchukua miezi 4, wakati mwingine 5, kuungana kwa mtu mzima. Sasa fikiria joto la Kisumu mwezi wa pili, na jasho humo ndani. Watu hujikuna kwa spoku ya baiskeli. Nilikata plasta ya kijana mmoja nikakuta mfereji wa kidonda kuanzia goti hadi katikati ya ugoko, kazi ya spoku, na ndani yake kifuniko cha kalamu alichokitafuta wiki nzima.

Kosa kubwa kuliko la spoku ni kukosa picha ya pili. Uvimbe ukishuka, baada ya wiki 1 au 2, plasta inalegea na mfupa unateleza ndani yake polepole, bila maumivu mapya ya kumwonya mtu. Ukipiga eksirei kila wiki kwa wiki 3 za mwanzo, unaliona mapema na linarekebishwa. Usipokuja, unarudi baada ya miezi 2 mguu umeungana vizuri kabisa, ila umepinda kama ndizi. Kwa hiyo nikiona mtu wa plasta huuliza anaishi wapi kabla sijauliza kitu kingine. Wa Manyatta atakuja kwa magongo. Wa ndani kabisa Seme au Nyakach, anayehitaji kubebwa hadi barabarani na kubadilisha matatu mara mbili, sina hakika naye hata akiapa.

Msumari ni fimbo ya chuma inayopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa, kutoka juu kwenda chini, kisha skrubu zinaufunga juu na chini mfupa usijizungushe. Zamani mjadala huu ulikuwa wa wenye pesa, kwa sababu kuuweka kulihitaji mashine ya kuonyesha picha papo hapo thieta. Mwaka 1999 Lewis Zirkle, mpasuaji wa mifupa wa Marekani aliyewahi kuhudumu katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN, na msumari wao unawekwa bila mashine hiyo; skrubu hutafutiwa tundu kwa kipimo cha nje. Hospitali zilizo kwenye mpango huo hupewa misumari kama msaada. Uliza hospitali yako kama imo. Swali hilo moja linaweza kupunguza bili kuliko harambee nzima.

Faida ya msumari kwa siku iko wazi: mtu anasimama kwa magongo ndani ya siku chache, goti linakunjwa tangu wiki ya kwanza, safari za kurudi kliniki ni chache, na mguu haupindi nyumbani. Hasara zake zipo. Viini vikiingia kwenye mfupa wenye chuma ni vita vya miezi. Goti huuma kwa mbele kwa wengi, hasa wakipiga magoti, na anayeswali au kupalilia kwa magoti atalihisi miaka. Halafu kuna udanganyifu wa chuma: mtu anadhani akiwa na chuma tayari ana mguu. Chuma kinashikilia tu, kinachobeba ni mfupa. Ukikikanyagia kazi ya boda kabla mfupa haujafunga, skrubu zinakatika, na kutoa skrubu iliyokatikia ndani ni shughuli ambayo mpasuaji hatakushukuru kwayo.

Mimi kwa ugoko nagawa hivi: uliotulia na mwenyewe anaishi karibu, plasta. Uliohama, uliovunjika vipande, au wa mtu asiyeweza kurudi kupigwa picha, msumari. Uliotoboka ngozi mara nyingi huanza na vyuma vya nje, zile fremu zinazoonekana kama antena, mpaka kidonda kitulie. Familia huziogopa kwa sura yake, lakini ndizo zinazoruhusu kidonda kuoshwa kila siku.

Paja: kuvutwa au msumari?

Hapa nitaandika kama mtu mwenye deni.

Paja likivunjika, misuli mikubwa huvuta vipande vikapitana, mguu ukawa mfupi. Na damu lita 1 hadi 1 na nusu inaweza kumwagikia ndani ya paja bila tone kuonekana nje, kwa mtu mwenye lita kama 5 mwili mzima. Ndiyo maana anayepauka na kutokwa jasho baridi pale barabarani hapakiwi kwenye boda nyingine katikati ya watu wawili, jambo ninalosikia kila mwezi. Mfunge mguu mbovu pamoja na mzima, mlaze, mtafutie gari.

Kuvutwa ni hivi: pini inapitishwa kwenye mfupa chini kidogo ya goti, kamba inafungwa, mawe au mifuko ya mchanga ya kilo kadhaa inaning'inia mwisho wa kitanda, na uzito huo unavuta paja lirudi urefu wake. Kuvutwa siku chache ukisubiri thieta ni jambo la kawaida, halina ubaya. Kuvutwa mpaka mfupa uungane ni jambo jingine. Hiyo ni wiki 10 hadi 12 chali, kitanda kimoja, na mtu wa kumletea uji asubuhi, wa kumgeuza, wa kumwaga chombo. Vidonda vya mgongo. Damu kuganda mguuni. Na goti kukakamaa.

Mdogo wangu alivunjika paja la kushoto karibu na Nyamasaria, akiwa na magunia ya makaa nyuma, lori likamsukuma kandokando. Alilazwa hospitali ambayo sitaitaja. Tuliambiwa thieta itangoja, au tulipie kwingine. Mama alisema mwanawe hatakatwa. Mdogo wangu mwenyewe akaniangalia: "Kaka, wewe ndiye unajua. Sema." Nikasema tumwache avutwe, ni bure, mfupa wa kijana huungana. Uliungana, wiki ya 11, umenyooka, picha nzuri ya kuonyesha wanafunzi. Goti lilikunjika hadi nusu likagoma.

Watu wasiojua pikipiki wataona nusu inatosha. Lakini mguu wa kushoto ndio wa gia. Mara mamia kwa siku unainua kidole, unashusha, goti limekunjwa. Mdogo wangu akibadilisha gia huinua nyonga nzima, kiti kinayumba, abiria anauliza kuna nini. Mwishowe fundi wa Kibuye alimkatia pedeli ya gia akaiunga upya, ndefu zaidi na imeinamia mbele, aifikie bila kukunja. Kila nikiiona imeegeshwa, naijua hata bila kusoma namba.

Kwa hiyo kwa paja la mtu mzima anayefanya kazi, ushauri wangu hauna pande mbili. Msumari, na kama hakuna, ahamishiwe mahali ulipo. Hapa mjini wengi huishia Jaramogi Oginga Odinga, hospitali ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kuvutwa mpaka mwisho ni kwa yule ambaye mwili wake hauwezi kuhimili ganzi ya thieta, au kwa watoto wadogo, ambao mifupa yao huungana kwa wiki chache. Kama hamna budi kukaa kwenye mawe, basi goti lifanyishwe mazoezi mapema, kila siku, hata akilia. Hilo ndilo sikulisimamia.

Mzee wa mifupa

Wenzangu hospitalini hucheka wakisikia jina lake. Mimi siwezi, kwa sababu najua kwa nini watu huenda. Yuko karibu. Analipwa kidogo kidogo, hata kwa kuku. Anamshika mgonjwa, anazungumza naye Kiluo au Kiluhya, hamwambii "rudi wiki ijayo, eksirei imeharibika". Na hatishii kukata mguu, hofu ambayo ndiyo huwatorosha wengi wodini usiku.

Tena mara nyingi wagonjwa wake hupona. Mtulinga, yaani mfupa wa mbele ya bega, ubavu, mkono wa mtoto, hata ugoko uliopasuka bila kuhama, vyote hivyo hupona vikiachwa vitulie, na sifa humwendea aliyekuwa anapaka majani. Pia si ukoo wa kudharau. Banzi la chuma linalonyoosha paja lililovunjika, linalotumika hospitalini hadi leo, lilibuniwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool katika karne ya 19, na baba yake alikuwa mwunga mifupa wa kienyeji kutoka Wales, asiye na cheti. Alichofanya baba huyo ni kuwapeleka wanawe shule ya udaktari.

Mzee wetu anakosa vitu viwili. Hana picha, kwa hiyo hajui kama vipande vinatazamana au vimepitana. Na hana dawa ya kumzuia bakteria. Kisha ana desturi mbili zinazoniharibia usingizi: kukanda mahali palipovunjika kila siku, hali mfupa unataka utulivu, na kukaza fito mpaka uvimbe ukose pa kwenda. Vidole vyeusi ninavyoviona siku za Jumatatu hufika hivyo, vimefunikwa kwa majani yenye harufu nzuri. Kuna mzee mmoja upande wa Maseno ambaye akiona tundu kwenye ngozi hamgusi mtu, anaagiza gari. Huyo namheshimu kuliko baadhi ya watu wa koti jeupe.

Ikiwa familia imeshaamua kwenda kwake na hakuna wa kuizuia, angalau pigeni eksirei kwanza muibebe. Mkono uliopasuka kidogo atauweza. Paja asiguse.

Shilingi na karatasi

Hospitali ya binafsi inaweza kukuandikia bili ya msumari inayolingana na pikipiki mpya. Ya umma ni nafuu mno, ila foleni ya thieta nayo ni siku, na siku tumeshasema ni pesa. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, humkata mtu asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima mapema. Kujiandikisha ukiwa tayari kwenye machela kunawezekana, lakini utailipa ukiwa huna uwezo hata wa kununua maji.

Bima ya pikipiki ya wahusika wengine, ile ya lazima, haikutibu wewe mwendeshaji. Wengi hugundua hapo. Inamhusu abiria wako na uliyemgonga. Lakini kama gari ndilo lililokukosea, bima ya gari hilo inaweza kukulipa, na sheria inakupa miaka 3 ya kushtaki. Hapa ndipo hospitali na mzee wanatofautiana kwa namna ambayo hakuna anayeifikiria siku ya kwanza: wakili atataka abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuthibitisha ajali, na ripoti ya daktari. Mzee hana karatasi. Mguu ulioungwa kwa majani hauna tarehe, hauna picha, na wakili wa bima atauliza kama kweli uliwahi kuvunjika.

Jibu kwa watu wa steji

Plasta ya ugoko: miezi 4 hadi 6 bila pikipiki. Msumari wa ugoko: hutembea mapema, lakini barabarani ni miezi 3 hadi 5. Paja lenye msumari: miezi 4 hadi 6. Paja lililovutwa: zaidi ya nusu mwaka, na goti ndilo litakaloamua. Wanaovuta sigara waongeze, kwani moshi huchelewesha mfupa. Sikilizeni picha kuliko kalenda; mfupa mpya ukionekana umeziba pande 3 kati ya 4 za mahali palipovunjika, na kijana akaweza kusimama kwa mguu huo peke yake bila kukunja uso, hapo zungumzeni habari ya funguo.

Mwezi uliopita nilikata plasta ya wiki 5. Kisigino chake kilikuwa kimelika, na kando yote ya ndani, kuanzia kifundoni hadi karibu na goti, ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya injini. Nilimtazama mwenye mguu. Akatazama dirishani.

"Nilikuwa naifuta pikipiki tu, daktari," akasema.